Hofu Moja, Maneno Mengi: Visawe vya Kipolandi vya Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Hofu

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi maneno ya Kiingereza yanayotaja hofu yanavyotafsiriwa katika Kipolandi. Hoja yake kuu ni kwamba tatizo la mtafsiri halitokani na uhaba wa visawe. Linatokana na maswali ambayo sarufi na msamiati wa Kipolandi humlazimisha kuyajibu, hata pale ambapo matini ya Kiingereza imeyanyamazia. Maswali hayo ni matatu: hofu ilianza ghafla au ilikuwa ikiendelea, mwenye hofu anamwogopa mtu au anamhofia mtu huyo mabaya, na hofu hiyo ni mtikisiko wa moyo au ni makadirio ya akili. Uzito wa maswali haya unaoneshwa kwa mifano ya tiba ya akili na sheria ya wakimbizi.

1.0 Utangulizi

Ni jambo lililozoeleka kudhani kwamba hisia za msingi za binadamu, kama vile hofu, hasira na huzuni, ni zile zile popote aishipo, na kwamba kwa sababu hiyo maneno yanayozitaja hayana budi kulingana kutoka lugha moja hadi nyingine. Dhana hii ina ukweli wa nusu. Kwamba kila mwanadamu huogopa si jambo la kubishaniwa. Linalobishaniwa ni kama kila lugha huikata hofu katika vipande vile vile.

Miongoni mwa wataalamu walioipinga dhana hiyo kwa nguvu ni Anna Wierzbicka, mwanaisimu aliyezaliwa Warsaw mwaka 1938 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia huko Canberra. Katika kitabu chake cha mwaka 1999, Emotions across Languages and Cultures, Wierzbicka anaonya kwamba neno la Kiingereza 'fear' halifai kuchukuliwa kuwa jina la kisayansi la hisia ya binadamu wote. Ni neno la lugha moja, lenye historia yake na mipaka yake. Njia anayoipendekeza ni kulifafanua kila neno la hisia kwa maneno machache na mepesi yanayodhaniwa kuwamo katika kila lugha, mfano 'jambo baya', 'kutokea', 'kutaka', 'kujua' na 'kufanya'. Kwa njia hiyo, hofu yaweza kuelezwa kama hali ya mtu anayewaza: jambo baya laweza kunitokea, silitaki, sijui la kufanya. Kila neno la jamii hiyo hutofautiana na wenzake kwa kubadili, kuongeza au kupunguza mojawapo ya vipengele hivyo.

Kipolandi ni lugha ya Kislavoni na Kiingereza ni ya Kijerumaniki. Zote mbili ni za ukoo mpana wa Kihindi-Kizungu, na zote zimekopa sana kutoka Kilatini na Kigiriki. Mtu angetarajia basi kwamba tafsiri kati yake itakuwa nyepesi. Sehemu zinazofuata zinaonesha kwamba sivyo, na kwamba baadhi ya makosa makubwa hutokea hasa pale ambapo maneno yanafanana kwa sura.

2.0 Uga wa hofu katika Kiingereza

Neno la jumla katika Kiingereza ni 'fear', ambalo hutumika kama nomino na kama kitenzi. Asili yake ni Kiingereza cha kale, ambamo lilimaanisha hatari au janga la ghafla, na lina undugu na neno la Kijerumani 'Gefahr', yaani hatari. Kwa maneno mengine, neno lililotaja kitu kinachotisha lilihamia kwa mtu anayetishika. Katika mazungumzo ya siku hizi, kitenzi hicho kina ladha ya urasmi, na wasemaji wengi hupendelea vivumishi kama 'afraid', 'scared' na 'frightened'.

Pembeni mwa neno hilo la jumla yamesimama mengine yaliyo finyu zaidi. 'Dread' ni hofu ya jambo linalongojewa, ambalo mtu aliona linakuja na haoni njia ya kulikwepa. 'Fright' ni mshtuko wa ghafla. 'Terror' ni hofu iliyopita kiasi, inayoondoa uwezo wa kufikiri au kutenda. Asili yake ni Kilatini, sawa na 'horror', ambalo kitenzi chake cha awali kilimaanisha kusimama kwa nywele. 'Panic' ni kiwewe, na jina lake latokana na Pan, mungu wa Wayunani wa kale aliyesadikiwa kuwatia watu na wanyama hofu isiyo na sababu. 'Anxiety' ni wasiwasi au jaka la moyo, na mzizi wake wa Kilatini unahusu kubanwa na kukabwa. 'Apprehension' ni kuchelea jambo. 'Awe' ni kicho, yaani hofu iliyochanganyika na heshima na mshangao.

Sifa mbili za uga huu zafaa kukumbukwa. Kwanza, nyingi za hofu hizi huelezwa kwa vivumishi vilivyotokana na vitenzi vya hali ya kutendwa, na hivyo mwenye hofu huonekana kama mtu aliyepatwa na jambo kutoka nje. Pili, neno 'fear' lenyewe ni pana mno. Laweza kutaja moyo unaodunda gizani, na laweza pia kutaja rai ya mtu mtulivu anayesema kwamba bei itapanda. Upana huo ndio unaoleta taabu.

3.0 Uga wa hofu katika Kipolandi

Maneno makuu ya Kipolandi ni 'strach', 'lęk', 'obawa', 'bojaźń', 'trwoga', 'przerażenie', 'groza', 'niepokój', 'popłoch' na 'panika'.

'Strach' ndilo neno la kila siku. Ni hofu inayohisiwa mwilini, na mara nyingi chanzo chake kinajulikana. Hata hivyo neno hilo lina upande mwingine: latumika pia kwa kitu kinachotisha. Sanamu ya shambani ya kufukuzia ndege huitwa 'strach na wróble', yaani kitisho cha shorewanda, na wingi wake, 'strachy', hutaja mizuka inayosadikiwa kuzuru nyumba. Katika usemi wa kawaida, mtu aliyeogopa husemwa kuwa 'ma stracha'. Umbo hilo 'stracha' linastahili kuangaliwa na mwanaisimu, kwa kuwa kiambishi tamati chake ni kile kinachotarajiwa kwa nomino za viumbe hai, si kwa nomino dhahania. Methali ya Kipolandi nayo husema kwamba hofu ina macho makubwa: 'Strach ma wielkie oczy'. Maana yake ni kwamba aliyeogopa hukiona kitu kuwa kikubwa kuliko kilivyo.

'Lęk' ni hofu ya ndani zaidi, inayodumu, na mara nyingi isiyo na chanzo kilicho wazi. 'Obawa' iko karibu na akili kuliko moyo. Ni kuchelea, kukadiria kwamba jambo baya laweza kutokea. 'Niepokój' limeundwa na kikanushi 'nie' na neno 'pokój', lenye maana ya amani, na kwa hiyo ni kukosa amani moyoni. 'Trwoga' ni neno la kifasihi, la taharuki nzito, nalo limo katika methali 'Jak trwoga, to do Boga', yaani ikija taharuki watu humkimbilia Mungu. 'Przerażenie' ni hofu inayompiga mtu na kumpenya. 'Popłoch' linatokana na kitenzi cha kukurupusha wanyama, na hutaja hasa kiwewe cha kundi linalotawanyika mbio. 'Groza' lina undugu na kitenzi 'grozić', kutisha au kutoa tishio, na mara nyingi hofu yake imo katika hali yenyewe kuliko katika moyo wa mtu mmoja.

'Bojaźń' linastahili kutajwa peke yake. Kwa sehemu kubwa neno hili limebaki katika lugha ya dini. Pale ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia 'fear' kwa hofu ya kumcha Mungu, mapokeo ya Biblia za Kipolandi hutumia 'bojaźń', na mchaji Mungu huitwa 'bogobojny'. Kiingereza hulazimika kutumia neno moja kwa anayemwogopa simba na anayemcha Mungu, ambapo Kipolandi hutenganisha. Kiswahili nacho hutenganisha, kwa vitenzi 'kuogopa' na 'kucha'.

4.0 Maswali yasiyokwepeka

4.1 Hofu iliyoanza na hofu inayoendelea

Tofauti ya kwanza ni ya kisarufi. Vitenzi vya Kipolandi hugawanyika katika hali mbili: hali timilifu, inayotazama tendo kama tukio lililokamilika, na hali isiyo timilifu, inayolitazama likiendelea au likirudiwa. Kitenzi cha msingi cha kuogopa, 'bać się', ni cha hali isiyo timilifu na hakina mwenzi wa kawaida wa hali timilifu. Msemaji anayetaka kusema kwamba hofu ilizuka hana budi kuhamia kitenzi kingine, kama vile 'przestraszyć się' au 'zlęknąć się'. Itazamwe mifano ifuatayo:

(1) Bała się całą noc.
Alikuwa na hofu usiku kucha.

(2) Przestraszyła się psa.
Alimwona mbwa akaingiwa na hofu.

Sentensi ya Kiingereza 'She was frightened' yaweza kuwa tafsiri ya kitenzi cha (1) na pia cha (2). Haisemi kama mwanamke huyo alikuwa katika hali ya hofu au alishtuka mara moja. Msomaji wa Kiingereza hahitaji kuamua, lakini mtafsiri wa Kipolandi hawezi kuandika hata kitenzi kimoja kabla hajaamua. Akichagua 'bała się' katika tukio la mlango uliogongwa ghafla, mhusika ataonekana kuwa aliogopa kabla ya mlango kugongwa. Akichagua 'przestraszyła się' katika kisa cha mtoto aishiye na baba mkali, miaka ya hofu itageuka kuwa mshtuko wa dakika moja. Hapa mtafsiri anaongeza taarifa ambayo haikuandikwa, na njia pekee ya kuipata ni kusoma muktadha.

Jambo hili linahusiana na hoja aliyoitoa Wierzbicka katika maandishi yake ya miaka ya 1980 na 1990, hasa alipolinganisha Kirusi na Kiingereza. Alionesha kwamba lugha za Kislavoni zina vitenzi vingi vya hisia, vinavyomwonesha mtu akiwa anatenda hisia yake ndani ya nafsi, ambapo Kiingereza hupendelea vivumishi vinavyomwonesha akiwa katika hali fulani. Kitenzi 'bać się', pamoja na kirejeshi chake 'się', ni mfano mzuri wa tabia hiyo katika Kipolandi.

4.2 Kumwogopa mtu na kumhofia mtu

Tofauti ya pili inahusu mwelekeo wa hofu. Kiingereza huitofautisha kwa vihusishi 'of' na 'for'. Kipolandi huitofautisha kwa uhusika wa nomino pamoja na kihusishi:

(3) Boję się matki.
Ninamwogopa mama.

(4) Boję się o matkę.
Ninahofia mama asipatwe na mabaya.

Katika (3) nomino iko katika uhusika milikishi, na mama ndiye chanzo cha hofu. Katika (4) kuna kihusishi 'o' pamoja na uhusika wa yambwa, na mama ndiye anayehofiwa kupatwa na jambo. Tatizo hutokea katika nomino ambazo maumbo yake ya uhusika huo miwili yanafanana. 'Boję się psa' ni kumwogopa mbwa, na 'boję się o psa' ni kumhofia mbwa mabaya. Tofauti yote imebebwa na irabu moja. Pale ambapo nomino ya hofu yenyewe inatumika, Kipolandi huweka 'przed' pamoja na uhusika wa ala kwa chanzo cha hofu, na 'o' kwa anayehofiwa mabaya. Anayetafsiri kundi la maneno la Kiingereza kama 'a mother's fears' hana budi kwanza kujiuliza ni hofu za aina gani, kwani jibu ndilo litakalochagua kihusishi, na pengine nomino pia: 'obawa o dziecko', kumhofia mtoto, ni la kawaida kuliko 'strach przed dzieckiem', ambalo lingemfanya mtoto kuwa kitisho.

4.3 Moyo unaotikisika na akili inayokadiria

Tofauti ya tatu ni ya kimsamiati, na ndiyo iliyo nzito zaidi. Kipolandi humruhusu mtu kusema bila kujipinga: 'Nie boję się, ale obawiam się, że...' Maana yake ni kwamba moyo wake hautetemeki, lakini akili yake inaona kwamba jambo baya laelekea kutokea. Kwa Kiswahili angesema: 'Siogopi, ila ninachelea...' Kiingereza nacho kina uwezo wa kuyasema haya, lakini kwa kawaida huyafunika yote mawili kwa 'fear' na 'afraid'.

Ushahidi wa upana huo wa Kiingereza ni fomula ya adabu 'I'm afraid', itumikayo mtu anapotoa habari isiyopendeza. Karani anayesema hivyo kabla ya kumweleza mgeni kwamba mkuu wa ofisi hayupo haogopi chochote. Kisawe chake cha kawaida katika Kipolandi ni 'niestety', yaani kwa bahati mbaya, au 'obawiam się'. Kutumia 'boję się' hapo kungemfanya karani aonekane mtu aliyejawa na woga kwa sababu ya mkuu wake kutokuwapo.

5.0 Maneno yanayofanana kwa sura

Maneno yaliyokopwa na lugha zote mbili kutoka chanzo kimoja humhadaa mtafsiri. Kipolandi kina neno 'terror', lakini halitaji hisia. Hutaja utawala wa mabavu na vitendo vya kuwatisha watu kwa umwagaji damu, kama ule wa Ufaransa wa miaka ya 1793 na 1794. Mtoto anayeelezwa katika Kiingereza kuwa na 'terror' usoni hawezi kuwa na 'terror' katika Kipolandi. Atakuwa na 'przerażenie'.

Neno 'horror' nalo limeingia katika Kipolandi kwa maana ya filamu au hadithi ya kutisha, na katika mazungumzo kwa maana ya hali mbaya kupindukia. Pembeni mwake kuna istilahi ya kienyeji, 'film grozy'. Hisia inayotajwa na 'horror' ya Kiingereza, ya mtu aliyesimama mbele ya uovu mkubwa, huangukia neno 'zgroza'. Mfano unaojulikana sana ni riwaya fupi ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1899. Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipolandi kwa jina Józef Teodor Konrad Korzeniowski, na alisafiri katika Mto Kongo mwaka 1890. Aliandika kwa Kiingereza, na kazi yake ikarudi katika lugha ya wazazi wake kwa mikono ya wengine, kwanza kwa tafsiri ya jamaa yake Aniela Zagórska iitwayo Jądro ciemności. Mhusika Kurtz, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, anakufa akilitamka neno 'horror' mara mbili. Mtafsiri akiweka 'strach' au 'lęk', Kurtz atakuwa mgonjwa anayeogopa kifo. Akiweka 'ohyda', yaani jambo la kuchukiza, kutisha kutapungua na chukizo litabaki. 'Groza' laweka kitisho katika ulimwengu anaouona, na 'zgroza', ambalo limetumika katika tafsiri za Kipolandi za kazi hii, huongeza hukumu ya mtu anayetazama uovu, pengine wake mwenyewe. Kila uteuzi ni tafsiri ya neno, na wakati huo huo ni uamuzi kuhusu alichokiona Kurtz huko Kongo.

Kuna mahali lugha hizi mbili hukutana bila taabu. Katika zote mbili maneno ya hofu yamedhoofika na kuwa viongeza nguvu vya kawaida. Mwingereza husema 'frightfully' na Mpolandi 'strasznie' kwa jambo zuri pia, kama vile Mswahili anavyomsifu mtu kuwa ana mali ya kutisha.

6.0 Uteuzi wenye matokeo: tiba na sheria

6.1 Tiba ya akili

Vitabu vya saikolojia vya Kipolandi hufundisha kanuni iliyo wazi: 'strach' ni hofu ya hatari iliyopo na inayojulikana, na 'lęk' ni hofu isiyo na chanzo cha nje kinachoonekana, au isiyolingana na chanzo hicho. Kanuni hiyo hulinganishwa na jozi ya Kiingereza 'fear' na 'anxiety'. Ndiyo maana kipimo cha wasiwasi cha Charles Spielberger cha mwaka 1970, kinachotumia neno 'anxiety' katika jina lake, huitwa katika Kipolandi 'Inwentarz Stanu i Cechy Lęku'.

Hata hivyo matumizi halisi hayaifuati jozi hiyo kikamilifu. Hofu ya kuwa mahali pa juu huitwa kwa Kiingereza 'fear of heights', na kwa Kipolandi 'lęk wysokości', ingawa chanzo chake kinajulikana vizuri. Kinachoitwa kwa Kiingereza 'panic attack' huitwa katika tiba ya Kipolandi 'napad lęku', yaani shambulio la lęk. Kwa hiyo neno moja la Kipolandi hupokea sehemu za maneno matatu ya Kiingereza: 'fear', 'anxiety' na 'panic'. Falsafa nayo yatoa ushahidi. Kitabu cha Kierkegaard cha mwaka 1844 kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Walter Lowrie mwaka 1944 kwa jina The Concept of Dread, kisha na Reidar Thomte mwaka 1980 kwa jina The Concept of Anxiety. Kwa Kipolandi kinaitwa Pojęcie lęku. Neno ambalo Kiingereza kimelipapasa kwa majina mawili tofauti limepata makao katika neno moja. Kitabu chake kingine, cha mwaka 1843, ambacho jina lake latokana na waraka wa Paulo kwa Wafilipi, kinaitwa kwa Kipolandi Bojaźń i drżenie. Katika Kiingereza jina hilo lina 'fear' ile ile ya kila siku, lakini Kipolandi kimerudi kwenye neno la ibada.

Ugumu huonekana pia kwa upande wa pili. Daktari Antoni Kępiński wa Kraków, aliyefariki mwaka 1972 na aliyeshiriki katika uchunguzi wa watu walionusurika katika kambi ya Auschwitz, aliacha kitabu kilichochapishwa mwaka 1977 kwa jina la neno moja: Lęk. Anayelitafsiri jina hilo kwa Kiingereza akichagua 'Fear' huyapoteza yasiyo na chanzo. Akichagua 'Anxiety' huipoteza hofu ya mtu aliyeuona mlango wa mauti kwa macho yake.

6.2 Sheria ya wakimbizi

Mkataba wa Geneva wa tarehe 28 Julai 1951 kuhusu hali ya wakimbizi unamfafanua mkimbizi kama mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu yenye msingi ya kuteswa. Neno la Kiingereza katika ibara hiyo ni 'fear'. Mwongozo uliotolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi mwaka 1979 ulilifasiri neno hilo kuwa na pande mbili: hali ya moyo wa mwombaji, na mambo ya nje yanayoithibitisha hali hiyo. Wanasheria James Hathaway na William Hicks, katika makala yao ya mwaka 2005, walipinga fasiri hiyo. Walidai kwamba 'fear' ya mkataba si mtetemeko wa moyo bali ni matarajio ya hatari inayokuja, na kwamba kumdai mwombaji aoneshe woga ni kumwonea aliye jasiri, au aliyezoea mateso hata hatetemeki tena.

Kwa msomaji wa Kiingereza, mgogoro huu umo ndani ya neno lenyewe. Polandi ilijiunga na mkataba mwaka 1991, na matini ya Kipolandi ikatumia 'uzasadniona obawa przed prześladowaniem'. Mtafsiri hakuandika 'strach' wala 'lęk'. Aliandika 'obawa', neno la akili inayokadiria, ambalo kwa asili yake hukubali kuambiwa kuwa lina msingi au halina. Kwa uteuzi huo, sheria ya Kipolandi imeelekea upande mmoja wa mjadala kabla wanasheria hawajafika mahakamani. Haina maana kwamba mahakama imefungwa mikono, kwani majaji husoma pia matini za Kiingereza na Kifaransa, ambazo ndizo rasmi. Lakini afisa anayemsikiliza mwombaji huko Warsaw anaanza na swali tofauti kidogo na la mwenzake wa London.

7.0 Funzo kwa tafsiri ya Kiswahili

Suala hili haliko mbali na Kiswahili. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1964, Kenya mwaka 1966 na Uganda mwaka 1976, na wapo Wakongo wengi wanaoeleza kwa Kiswahili sababu za kukimbia kwao, hata mbele ya maafisa wa Ulaya na Marekani, kwa msaada wa wakalimani. Ichukuliwe kwamba mwombaji ametamka: 'Mimi siogopi, lakini wakinikuta wataniua.' Mkalimani akitoa nusu ya kwanza kwa 'I am not afraid' na kutua hapo, amemkana mwombaji kwa kinywa chake, kwani neno hilo ndilo lililomo katika fomula ya sheria. Mkalimani wa Kipolandi ana njia ya kuokoka: atasema kwamba mtu huyo 'nie boi się', kisha ataonesha kwamba bado ana 'obawa'. Anayetumia Kiingereza hana budi kuieleza tofauti hiyo kwa maneno zaidi.

Aidha, Kiswahili hakipungukiwi na maneno. 'Hofu', 'woga', 'kicho', 'wasiwasi', 'wahaka', 'fadhaa', 'kiwewe' na 'taharuki', pamoja na vitenzi 'kuogopa', 'kucha', 'kuchelea', 'kuhofia' na 'kushtuka', hugawana kazi kwa namna ambayo mara nyingine iko karibu na Kipolandi kuliko Kiingereza. Mtafsiri wa Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi huipokea fasihi ya Ulaya kupitia Kiingereza, aweza kuikosa tofauti iliyokuwamo katika lugha chanzi na ambayo lugha yake mwenyewe ingeweza kuibeba. 'Bojaźń' iliyokuwa 'fear' yaweza kugeuka 'woga', ilhali 'kicho' lilikuwapo likingojea.

8.0 Hitimisho

Ulinganishi huu umeonesha kwamba uga wa hofu wa Kiingereza na ule wa Kipolandi havilingani neno kwa neno. 'Fear' hutawanyika katika 'strach', 'lęk', 'obawa' na 'bojaźń', na 'lęk' nalo hukusanya sehemu za 'fear', 'dread', 'anxiety' na 'panic'. Kamusi ya lugha mbili inayoorodhesha visawe hivyo bila kueleza masharti ya kila kimoja humpa mtafsiri maneno na kumnyima uamuzi. Inapendekezwa kwamba vidahizo vya hisia katika kamusi za aina hiyo vioneshe walau mambo matatu: kama neno lataja tukio au hali, vihusishi vyake na maana za kila kimoja, na kama ni la moyo au la makadirio. Kwa upande wa mafunzo ya wakalimani, kipengele hicho cha tatu kinastahili kutangulia vingine, kwa kuwa ndicho kinachoweza kuamua kama mtu aliyekimbia ataaminiwa au atarudishwa alikotoka.